Vifaa Saidizi (Sehemu ya 2): Kiti Mwendo Kipimwe Kwanza

Wiki iliyopita tuliizungumzia fimbo nyeupe. Leo ni zamu ya kiti mwendo, kifaa tunachokigawa sana bila kukifahamu. Picha zake tumezizoea: viti vimepangwa uwanjani, vyote saizi moja, mgeni rasmi anakabidhi. Mtoto wa miaka saba na mzee mnene wanaondoka na viti vinavyofanana.

Kiti hicho cha vyuma vinavyopishana na kukunjika kina asili ya Marekani. Herbert Everest alivunjika mgongo katika ajali ya mgodini mwaka 1918. Miaka ya 1930 yeye na rafiki yake mhandisi, Harry Jennings, walibuni kiti cha kukunja kinachoingia ndani ya gari. Kwenye lami na sakafu laini kilikuwa ukombozi mkubwa. Kwenye njia zetu, magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani, na yakigota kwenye jiwe mtu hurushwa mbele. Ndiyo maana naithamini kazi ya Ralf Hotchkiss, mhandisi Mmarekani ambaye mwenyewe hutumia kiti tangu ajali ya pikipiki ya mwaka 1966. Kuanzia Nicaragua mwaka 1980, aliketi na mafundi wenye ulemavu wa nchi mbalimbali wakaunda viti virefu zaidi, vyenye matairi mapana ya mpira mbele, ambavyo fundi baiskeli wa kawaida anaweza kuvitengeneza.

Hata hivyo, kiti kizuri ambacho hakikupimwa chaweza kuua. Sitii chumvi. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hana hisia makalioni. Mifupa miwili ya kukalia hugandamiza nyama, damu haipiti, na kidonda huweza kuanzia ndani kabla ngozi haijaonyesha lolote. Kikifika mfupani, sumu huingia kwenye damu.

Kinga yake huanza na vidole. Mtaalamu humwomba mhusika aegemee upande mmoja, akaingiza ncha za vidole chini ya mfupa wa kukalia, juu ya mto, kisha mhusika hukaa sawa. Vidole vikiweza kucheza juu na chini milimita 5 au zaidi, mto unafaa. Visipocheza lakini vikachomoka kwa urahisi, hilo ni onyo. Vikibanwa kabisa, mto huo ni hatari. Shughuli yote haihitaji mashine. Upana wa kiti nao ulingane na nyonga, maana mtoto anayepwaya hujiegemeza upande mmoja, na mgongo wake waweza kupinda akiwa bado anakua.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti hivi mwaka 2008, ukianzia rufaa na vipimo hadi mafunzo ya mtumiaji na matengenezo. Wataalamu wa kazi hii wanafundishwa hapahapa Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981. Halmashauri na wafadhili wanaponunua viti, watenge fungu la mpimaji, mito na vipuri, hata kama idadi ya viti itapungua. Mimi ningechagua viti vichache vilivyopimwa.

Aliye na kiti tayari akague ngozi ya makalio kila jioni, kwa kioo au kwa msaada wa ndugu. Doa jekundu, au jeusi zaidi kuliko ngozi ya jirani, lisilofifia baada ya kupumzika ni sababu tosha ya kwenda hospitali kesho yake asubuhi.

Wiki ijayo: miguu bandia.