Mzigo wa Meli Rubens Ulioishia Vichwani mwa Wapagazi

Ndugu msomaji, ukitoka mjini Tanga ukashika njia ya kwenda Horohoro, bahari ikiwa upande wako wa kuume, utaipita Manza kabla hujafika mpakani. Ni mahali ambapo msafiri hana sababu ya kusimama. Lakini katika ghuba ya Manza, asubuhi ya tarehe 14 Aprili 1915, iliingia meli ya shehena ikikimbia mizinga ya manowari ya Kiingereza, na yaliyotokea humo yaliongeza umri wa vita katika nchi yetu.

Meli ya shehena aghalabu haina sifa. Manowari huimbiwa, na nahodha wake hutundikwa nishani kifuani. Meli iliyomletea makaa, risasi na biskuti hutajwa kwa mstari mmoja tu, tena pale inapozama. Leo tuigeuze desturi hiyo, kwani pasipo shehena manowari ni chuma kinachoelea.

Meli hiyo iliitwa Rubens. Ilikuwa meli ya biashara ya Waingereza, na vita vilipozuka mwaka 1914 iliikuta bandarini Hamburg, nchini Ujerumani, nayo ikazuiwa. Wajerumani hawakuiacha ikae bure. Walikuwa na shida kubwa huku Afrika Mashariki: manowari yao Königsberg, ambayo Septemba 20 mwaka huo ilikuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Unguja, ilijificha katika mikono ya mto Rufiji. Mikoko iliisitiri, lakini nje, mdomoni mwa mto, Waingereza walikwisha kuweka walinzi. Königsberg haikuwa na makaa ya kutosha kujaribu safari ya kurudi kwao. Ilikaa humo kama simba ndani ya zizi.

Kwa hiyo Rubens ilijazwa makaa ya mawe, zaidi ya tani elfu moja. Juu ya makaa zikaongezwa bunduki za kisasa zinazokaribia elfu mbili, risasi kwa mamilioni, bombomu, dawa, nguo na vifaa vingine kwa ajili ya majeshi ya nchi kavu. Kisha meli ikavikwa joho la uongo. Ilipewa jina la Kronborg, ikapeperusha bendera ya Denmark, nchi isiyokuwamo vitani, na mabaharia wakachaguliwa wale waliojua Kidenmark. Juu ya sitaha zikapangwa mbao, ili atakayeitazama kwa mbali aseme: hawa ni wafanyabiashara wa mbao, waache waende zao. Fikiri, msomaji: meli ya Kiingereza, jina la Kidenmark, amri ya Kijerumani, na safari ya kuja Tanga!

Nahodha wake, Carl Christiansen, aliondoka Wilhelmshaven mwezi Februari 1915. Hakuthubutu kupita mfereji wa Suez, ambao ulikuwa mikononi mwa adui. Alizunguka kaskazini ya Scotland, akateremka bahari ya Atlantiki yote, akaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, akapanda hadi visiwa vya Aldabra. Hadi hapo hila ilikuwa imefaulu. Kilichoiumbua ni simu ya upepo, maana maneno yaliyopita hewani kati yake na Königsberg yalinaswa na Waingereza, nao wakajua kwamba kuna mgeni anakuja.

Königsberg yenyewe haikuweza kutoka kumpokea. Rubens ikaamriwa ielekee pwani ya Tanga. Manowari Hyacinth iliiona alfajiri ikaanza kuifukuza, na hapo bahati ikaingilia kati: mtambo mmoja wa Hyacinth uliharibika katikati ya mbio. Rubens ikapata nafasi ya kuchomoka na kuingia Manza.

Christiansen alijua kwamba hana pa kukimbilia tena. Alifungulia maji ya bahari yaingie ngamani, meli ikakaa chini kwenye kina kifupi, na zile mbao za sitahani zikatiwa moto. Hyacinth ilipofika ikapiga mizinga. Moshi mzito ukapanda, na Waingereza wakaondoka wakiamini kwamba kazi imekwisha. Hawakuwa na akili fupi, msomaji. Nani angedhani kwamba moto ule ulikuwa unaungua juu, huku mali iko salama chini ya maji?

Yapasa hapa turudi nyuma kidogo, ili uone kwa nini mali hiyo ilikuwa na thamani kuliko dhahabu. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walishindwa vibaya Tanga, wakaacha nyuma yao silaha nyingi. Lakini Januari 18 na 19, 1915, katika mapigano ya Yasini karibu na mpaka, majeshi ya Wajerumani yalitumia risasi zipatazo 200,000. Mkuu wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alipiga hesabu akaona kwamba kwa akiba aliyo nayo hawezi kupigana zaidi ya mara tatu vita vya namna ile. Tena sehemu kubwa ya askari wake walikuwa wakitumia bunduki za muundo wa mwaka 1871, ambazo kila zikilia hutoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali ulipo. Tangu Machi 1915 pwani yote ilikuwa imezingirwa. Vita katika nchi hii vilikuwa vimekaribia kukosa chakula chake.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya kazi pale Manza. Shehena ilitolewa ngamani, sanduku baada ya sanduku. Bunduki zikafutwa na kutiwa mafuta. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na risasi iliyolowa ni takataka. Basi zikafumuliwa kwa mkono, moja moja, baruti ikaanikwa, fataki zikasafishwa, kisha zikafungwa upya. Nyingine hazikulia hata baada ya taabu yote hiyo. Lakini nyingi zililia, na vita vikapata pumzi mpya.

Makaa ya mawe, ambayo ndiyo yaliyoileta meli, hayakumfikia mwenyewe. Königsberg ilimalizwa Rufiji Julai 11, 1915, na mizinga yake ikavuliwa majini, ikakokotwa hadi Dar es Salaam na mamia ya watu kwa kamba na nguvu za mabega. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, meli ya pili iitwayo Marie iliingia Sudi, kusini ya Lindi, ikashusha mizinga, risasi na dawa. Manowari za Kiingereza ziliigundua zikaipiga, lakini iliponyoka ikaenda zake hadi makoloni ya Waholanzi mashariki ya mbali. Shehena yake ilikuwa imekwisha kushuka.

Sasa jiulize: mzigo ukishashuka pwani, nani anauchukua? Reli zilikuwa mbili tu, ya Tanga hadi Moshi na ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Farasi na nyumbu waliangamizwa na mbung'o. Jibu ni kichwa cha mwanadamu. Mpagazi mmoja alibeba kilo 25 au 30. Naye lazima ale; kwa kilo moja ya unga kwa siku, mzigo mzima wa chakula humalizwa na mbebaji wake kabla ya mwezi kuisha. Kwa hiyo nyuma ya mpagazi wa risasi alihitajika mpagazi wa chakula, na nyuma ya huyo mwingine. Hiyo ndiyo hesabu iliyovimaliza vijiji. Wanaume walikamatwa mashambani, ghala zikafagiliwa na pande zote mbili, na wake wa askari waliandamana na misafara huku watoto wakiwa migongoni. Huko Ugogo njaa iliyofuata ilipewa jina, Mtunya, na wazee walihesabu miaka kwayo.

Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapiga Wareno huko Ngomano ili apate risasi na chakula, maana akiba ilikuwa imekwisha. Aliweka silaha chini Mbala, katika Zambia ya sasa, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya amani kutangazwa Ulaya.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuligusa jambo hili bila kusafiri. Waingereza walipoutwaa mji, Septemba 1916, kikosi chao cha wapagazi kilipiga kambi mahali ambapo baadaye palijengwa soko. Jina la kikosi hicho kwa Kiingereza, kwa ndimi za wenyeji, likawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariakor yao. Wapagazi wa upande wa Waingereza walioandikwa kuwa wamekufa wanakaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Mwezi Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakuandikwa majina yao popote.

Kwa upande wa Wajerumani, ambako shehena ya Rubens ilibebwa, hata hesabu yenyewe haikuwekwa sawasawa.