Vijana na Vyuma: Benchi la Mteremko Litumike kwa Usalama

Siku hizi si ajabu kuwakuta vijana nyuma ya nyumba wakinyanyua vyuma walivyojitengenezea: bomba la chuma lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege huku na huku. Wazazi wengine hukataza kwa ukali, wengine hunyamaza. Njia zote mbili hazisaidii. Kijana aliyekatazwa huenda kufanya mafichoni peke yake, na hapo hatari huongezeka. Leo tuzungumzie benchi moja linalotaka uangalifu wa pekee, yaani benchi la mteremko.

Benchi hili ni nini?

Ni benchi ambalo upande wa kichwa uko chini kuliko upande wa miguu. Mtu hulala chali na kusukuma chuma juu. Zoezi hili hukaza misuli ya kifua, hasa sehemu ya chini, pamoja na misuli ya nyuma ya mikono.

Pengine mtu atauliza: sisi tunaolima kwa jembe na kupandisha mikungu ya ndizi na madumu ya maji kwenye vilima vya Karagwe na Kyerwa, mazoezi ya nini tena? Swali hilo ni la haki. Kazi hizo zinaimarisha mwili. Lakini mwanafunzi, fundi cherehani, dereva wa bodaboda na muuza duka huketi muda mrefu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa juma.

Namna ya kulitengeneza

1. Fundi seremala atumie mbao nene na kavu. Ubao wa kulalia uwe na urefu wa sentimita 120. Upande wa kichwa uinuliwe sentimita 30 kutoka chini, na upande wa miguu sentimita 60. Hapo mteremko ni nyuzi 15 hivi, nao unatosha kabisa.

2. Pawepo upau imara wa kubana vifundo vya miguu. Bila huo, mtu huteleza kuelekea kichwani akiwa ameshika mzigo.

3. Benchi liwekwe mahali pa tambarare na pagumu. Mteremko uwe wa benchi, si wa kiwanja. Msiliinue kwa matofali yaliyopangwa tu. Yakiteleza, mtu na mzigo huanguka pamoja.

4. Ziwepo nguzo mbili zenye panda za kuwekea chuma, kwa kimo ambacho aliyelala anakifikia mikono ikiwa karibu kunyooka.

5. Pimeni vyuma kwa mizani, hata ile ya kahawa. Kopo la lita 4 likijaa zege lina uzito wa karibu kilo 10. Makopo mawili ni kilo 20, bila bomba lenyewe. Pande zote mbili zilingane, na makopo yafungwe yasichomoke.

Namna ya kulitumia

Kwanza pasha mwili joto kwa dakika 5 au zaidi. Mtu anayeanza atumie bomba tupu. Keti, bana miguu, kisha lala polepole. Shika chuma kwa vidole vyote, dole gumba likizunguka upande wake. Kishushe taratibu hadi sehemu ya chini ya kifua, kamwe si shingoni. Vuta pumzi unaposhusha, toa pumzi unaposukuma. Usizuie pumzi, maana kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu.

Rudia mara 8 hadi 12, pumzika dakika 2, kisha rudia tena. Ukimaliza, msaidizi apokee chuma kwanza. Inuka polepole na ukae kidogo, usije ukapata kizunguzungu. Siku inayofuata pumzisha misuli hiyo.

Jambo kubwa kuliko yote: usinyanyue peke yako. Kwenye benchi hili chuma kikikushinda hukielekea shingo na uso, nawe miguu imebanwa. Msaidizi mwenye nguvu asimame kichwani muda wote, bila kupiga soga.

Nani asilitumie?

(a) Mwenye shinikizo kubwa la damu au ugonjwa wa moyo.
(b) Mwenye presha ya macho.
(c) Mwenye ngiri, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni.
(d) Mama mjamzito.
(e) Aliyetoka kula au kunywa pombe.

Watu wengi wana shinikizo la damu bila kujua. Kabla ya kuanza, pitia zahanati ukapimwe. Ukisikia maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla au macho kuona giza, acha mara moja na uende kituo cha afya.

Asiye na benchi afanyeje?

Apige pushapu, mikono ikiwa juu ya benchi imara la kawaida na miguu chini. Misuli inayofanya kazi ni karibu ile ile, kichwa hakiinami chini ya mwili, wala hakuna chuma cha kumwangukia mtu.

Wazazi, jioni moja nendeni mkaone vijana wanavyofanya. Tikiseni benchi kwa mikono yenu, ulizeni uzito wa chuma, na mwulizeni kijana ni nani anayesimama kichwani pake. Akikosa jibu, chuma kibaki chini siku hiyo.