Miski na ambari za dukani: Hakuna paa wala nyangumi ndani ya kichupa

MFANYABIASHARA mdogo wa Endagikot, wilayani Mbulu, anayefuata bidhaa Arusha au Kariakoo, hakosi kukutana na vichupa vya mafuta ya manukato vilivyoandikwa ‘miski’ au ‘ambari’. Wapo wauzaji watakaomwambia kuwa mafuta hayo ni ‘asilia’ na kumpandishia bei mara mbili au tatu. Kabla hajatoa fedha zake, ni vema ajue kilichomo.

Zamani miski ilitoka kwenye tezi ya paa dume wa milima ya Asia. Ambari ilitoka tumboni mwa nyangumi mkubwa mwenye meno, ikaelea baharini hadi ufukweni. Pwani yetu ilisifika kwa bidhaa hiyo, na katika karne ya 10 msafiri Al-Masudi aliandika kuwa ambari bora ilipatikana bahari ya Zenj. Ethiopia nayo iliuza zabadi ya ngawa, iliyosafirishwa ndani ya pembe za ng’ombe.

Bidhaa hizo zilikuwa adimu na ghali, ndipo viwanda vikatafuta mbadala. Mwaka 1888 Mjerumani Albert Baur, akifanya utafiti wa baruti, alipata kemikali yenye harufu ya miski. Mwaka 1950 wakemia wa kampuni ya Firmenich ya Geneva, Uswisi, walieleza jinsi ya kupata kemikali yenye harufu ya ambari kutokana na mmea. Miaka ya 1960 ikaja Galaxolide ya kampuni ya IFF ya Marekani, miski ya bei nafuu iliyoingia hadi kwenye sabuni za kufulia.

Kwa hiyo miski na ambari za bei ya kawaida zimetoka kiwandani. Kuziuza si kosa. Kosa ni kuzitoza bei ya asilia.

Hesabu ya muuzaji

Chukulia, kwa mfano, umenunua mililita 100 kwa sh 30,000. Zinajaza vichupa 33 vya mililita tatu, sawa na karibu sh 900 za mafuta kwa kila kimoja. Ukiuziwa mafuta yale yale kwa sh 90,000 kwa jina la asilia, kila kichupa kitakugharimu zaidi ya sh 2,700, na mteja wako hataona tofauti. Faida yote imebaki kwa aliyekuuzia.

Aidha, si kila miski ya kiwandani inakubalika. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliiweka miski zailini kwenye orodha ya kemikali zinazohitaji kibali maalumu, kwa kuwa hudumu muda mrefu katika mazingira na kujikusanya katika viumbe. Nunua chupa yenye jina la mtengenezaji, viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tangu mwaka 2019 vipodozi nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Na mkulima je?

Mmea unaotoa malighafi ya ambari ya kiwandani ni Salvia sclarea, wa jamii ya mnanaa. Wakulima wa North Carolina, Marekani, huulima kwa ajili ya kiwanda kilicho jirani nao. Hata hivyo, sasa kemikali hiyo inatengenezwa pia kwa kuchachusha sukari ya miwa, hivyo hata mmea huo umepata mshindani.

Watanzania tunalifahamu somo hilo kupitia mkonge. Mwaka 1964 tulizalisha karibu tani 230,000, kisha kamba za plastiki zikaangusha bei na mashamba mengi yakageuka pori.

Hivyo basi, akija wakala kukuuzia mbegu za ‘mmea wa manukato’, usikimbilie kung’oa vitunguu saumu. Muulize kwanza nani atanunua, kwa bei gani, na kiwanda kiko wapi. Akishindwa kukuonyesha mkataba wa mnunuzi, mbegu hizo mwachie mwenyewe.