Vidudu Januari Hii au Mwakani? Piga Hesabu Kabla ya Kuchukua Fomu

Ikifika Novemba, mabango ya "nafasi bado zipo" hujaa kwenye nguzo za umeme Dar es Salaam, na mzazi mwenye mtoto wa miaka mitatu huanza kujiona amechelewa. Hujachelewa. Sera ya elimu ya Tanzania inataka mtoto apite mwaka mmoja wa awali, kisha aingie darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Mwaka unaohitajika, basi, ni ule anaoanza akiwa na mitano. Yote ya kabla ya hapo ni hiari yako, na inatoka mfukoni mwako. Ukimpeleka na mitatu, umejitwisha ada ya miaka mitatu ya vidudu.

Je, yuko tayari? Kujua a-e-i-o-u si kigezo. Hayo ndiyo anayoyaendea. Angalia kama anasema anapobanwa na haja, anavua na kuvaa kaptula mwenyewe, anakula bila kulishwa, anataja jina lake na la mzazi wake, na anaweza kukaa asubuhi nzima na mtu mwingine bila kukulilia hadi sauti ikauke. Jaribio la bure: mwache kwa shangazi yake asubuhi tatu mfululizo, uone.

La haja lina bei yake. Baadhi ya vituo humpokea mtoto wa nepi kwa nyongeza ya kila mwezi, na nepi zenyewe unapeleka wewe. Kama ndilo lililobaki, nunua poti, subiri miezi michache.

Akiwa na miaka mitano, anza kuuliza shule ya msingi ya serikali iliyo karibu. Huko hakuna ada, darasa la awali likiwemo. Utabaki na sare, madaftari, viatu, na mchango wa uji pale wazazi walipokubaliana. Usitarajie darasa dogo. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na shule nyingi za mjini zimekipita mbali. Mtoto mchangamfu anayejieleza ataenda vizuri. Mpole kupindukia anaweza kukaa kona ya nyuma mwaka mzima asionekane. Kama wako ni huyo, kaa naye dakika 20 kila jioni na daftari lake. Ni nafuu kuliko ada ya mtu yeyote.

Shule binafsi ndiko pesa zinakopotelea, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Bango linataja ada, lakini bei halisi iko nyuma ya karatasi ya fomu, chini ya "mahitaji mengine": rimu ya karatasi, sabuni, karatasi za chooni, ndoo, rangi za kuchorea, picha za pasipoti. Tuchukue mfano wa kupigia hesabu. Ada ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Basi ni 50,000 kwa mwezi, miezi kumi: 500,000. Chakula ni 2,000 kwa siku, siku 190: 380,000. Sare mbili, sweta na nguo za michezo: 90,000. Fomu 20,000, mahitaji ya nyuma ya karatasi 40,000, mahafali 50,000 na joho lake la kukodi. Jumla ni 1,680,000, karibu mara tatu ya ile ada uliyoiona barabarani.

Basi ndilo la kuliuliza zaidi. Je, mwezi wa likizo fupi unalipiwa mzima? Mtoto wako anachukuliwa wa kwanza au wa mwisho? Wa kwanza, kwa foleni za Dar, anaweza kuamshwa saa 11 alfajiri ili akafike darasani saa 2 akisinzia. Shule ya kawaida ya kutembea kwa miguu inaishinda shule nzuri ya mbali, kwa umri huu. Sare nayo: uliza kama unaruhusiwa kushonesha kwa fundi wa mtaani, au lazima ununue dukani kwao. Viatu chukua vya kunata. Vya kamba vitafungwa na mwalimu, akikumbuka.

Kiingereza? Kama shule ya msingi atasoma kwa Kiingereza, kuanza nacho kuna maana. Kama darasa la kwanza ataenda shule ya kawaida ya serikali, atajifunza kusoma kwa Kiswahili, na nyimbo alizokariri kwa miaka miwili hazitamsaidia huko. Usilipie nusu safari.

Wapo wazazi ambao hawatafuti shule hata kidogo. Wanatafuta mahali pa kumwacha mtoto wakienda kazini. Sema hivyo waziwazi, maana jibu linabadilika. Madarasa mengi ya vidudu hufunga mchana. Ukitoka kazini saa 11 jioni, utalipa shule na bado utamlipa dada wa kumpokea: mtoto mmoja, ada mbili. Hapo kituo cha kulelea watoto mchana kinaweza kuwa nafuu, mradi kina usajili (Ustawi wa Jamii ndio wanaovisimamia, omba kuona cheti, usitosheke na kuambiwa kipo). Uliza faini ya kuchelewa kumchukua, Jumamosi inahesabiwaje, na akiugua wiki nzima pesa inarudi au hairudi. Tazama choo na geti kabla ya kutazama michoro ukutani.

Na kama bibi yupo nyumbani, ana nguvu, na mtoto ana wenzake wa kucheza nao uani, mtoto wa miaka mitatu au minne hapungukiwi kitu kwa kubaki. Mpe bibi pesa ya maziwa na ya vitabu viwili vya picha kila mwezi. Utabaki na nyingi.

Wiki hii fanya mambo mawili. Kwanza, cheti cha kuzaliwa: shule hukiulizia, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano mikoa mingi hukitoa bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Usisubiri avuke umri huo. Pili, ukishachagua shule ya kulipia, omba gharama zote za mwaka kwa maandishi, kisha lipa muhula mmoja tu, hata wakikushawishi kwa punguzo la mwaka mzima. Mtoto akigoma mwezi wa pili, punguzo hilo halitakurudishia ada.