Sare 25 za Buenos Aires

Pambano la ubingwa wa dunia wa sataranji lililofanyika Buenos Aires, Argentina, kuanzia Septemba hadi Novemba 1927, kati ya bingwa José Raúl Capablanca wa Cuba na mpinzani wake Alexander Alekhine, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Ufaransa, lilikuwa na michezo 34, na kati ya hiyo 25 iliishia sare. Kwa kuwa sare haikuhesabiwa, na ubingwa ulikuwa wa atakayetangulia kushinda mara 6, ni rahisi kuziona sare hizo kuwa siku zilizopotea, ilhali humo ndimo swali gumu la ufunguzi mmoja lilipochunguzwa kwa kina.

Michezo 32 ilianza kwa Gambiti ya Malkia iliyokataliwa. Katika ufunguzi huo, mwenye kete nyeupe humsogeza miraba miwili askari, yaani kete ndogo kuliko zote, aliye mbele ya malkia, na mwenye nyeusi hujibu vivyo hivyo. Kisha mweupe humtoa askari wa jirani awe chambo, lakini mweusi, badala ya kumla papo hapo, humtegemeza askari wake wa kati kwa kumsogeza askari wa mfalme mraba mmoja. Kinga hiyo ni imara, ila ina gharama yake, kwani askari huyo wa mfalme humzibia njia askofu wa upande wa malkia, kete iendayo mshazari tu, na kulitatua tatizo la askofu huyo ndiyo kazi yote ya mweusi.

Dawa aliyoipendelea Capablanca ilikuwa kupunguza msongamano: mweusi humla yule askari wa chambo, hupeleka farasi katikati ya ubao ili maaskofu wawili wabadilishane, kisha humsukuma mbele askari wa mfalme, na njia ikafunguka. Alekhine naye, alipocheza na nyeusi, alitumia dawa hiyohiyo, kwa hiyo kila mmoja alilazimika kuishambulia kinga aliyoiamini mwenyewe, na pale ilipohimili, sare ilikuwa matokeo ya haki kabisa.

Usawa huo haukuja bure. Katika mchezo wa 34, uliofunguliwa vilevile, Alekhine alipata askari mmoja wa ziada ukingoni mwa ubao, akamtumia kwa subira hadi hatua ya 82, na Capablanca akakubali kushindwa kwa barua.