Zamu ya Wiki Hii Iko kwa Nani?

Jumamosi, saa 12 kasoro asubuhi, daladala za kwenda mjini bado hazijajaa. Sebuleni kwa mama mmoja muuza samaki tumeketi watu 15 hivi, wengine kwenye makochi, wengine mkekani, watoto wamejibanza mlangoni. Mshumaa unawaka juu ya stuli iliyotandikwa kitambaa cheupe. Injili ya Jumapili imeshasomwa, nia zimeombwa, na mwenyekiti anauliza swali lake la kila wiki: "Jamani, kuna mgonjwa? Kuna mwenzetu mwenye shida?" Kimya kidogo. Kisha mzee mmoja anasema kwamba hajamwona jirani yake wa nyuma akitoka ndani tangu Jumatano. Katibu anaandika. Kabla ya saa 2 kina mama wawili wameshabisha hodi kwenye mlango ule.

Hiyo ndiyo jumuiya. Jina lake kamili ni Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, lakini mtaani hakuna anayelitaja lote. Parokia za Kikatoliki Tanzania na Kenya zimegawanywa katika jumuiya za namna hii, kaya chache zinazokaa karibu karibu, chini ya jina la mtakatifu msimamizi wao. Maaskofu wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe katika jumuiya ndogo za mahali, na mwaka 1976 wakalikazia jambo hilo. Kongo walikuwa wametangulia: maaskofu wao walichagua njia hiyo tangu 1961, na mashariki mwa nchi ile Wakristo wanaosema Kiswahili huita jumuiya yao "shirika". Huku kwetu Tanzania mbegu ilikuta shamba limelimwa. Watu walishazoea kuhesabiana kwa nyumba kumi, na kabla ya hapo walizikana, walilimiana na kujengeana bila kungoja waraka wa mtu. Hata upande wa Walutheri, Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Old Moshi, alishikilia kwamba usharika usimame juu ya ukoo, ujirani na rika.

Watu wakisifu jumuiya hutaja michango. Mimi naona nguvu yake iko kwenye zamu. Sala haina nyumba moja ya kudumu. Wiki hii kwa fundi seremala, wiki ijayo kwa mwalimu, inayofuata kwa bibi anayeishi na wajukuu katika chumba kimoja. Mwaka ukiisha umeshakaa ndani ya kila nyumba. Umeona nani paa lake linavuja, nani ana mtoto asiyetembea, nani kaondoa kitanda kimoja akauza. Wengine waliikwepa zamu kwa kuona haya, hawana cha kuwapa wageni. Jumuiya yetu ililitatua hilo kwa kupiga marufuku chai na maandazi baada ya sala: mwenye nyumba anatoa nafasi ya kukaa tu, basi. Uamuzi ule mdogo ulifungua milango mitatu iliyokuwa imefungwa miaka.

Kwenda kumwona mgonjwa kuna adabu yake. Mfuko wa jumuiya hutoa unga, sukari na sabuni ya mche, navyo hufungwa kwenye kikapu kilichofunikwa khanga, njiani asijue mtu kilichomo. Anayepeleka hafiki na kukabidhi kisha akaondoka. Mama mmoja mzoefu alinifundisha: ukiingia, kabla hujakaa, tazama ndoo ina maji au haina, gusa jiko kama ni la baridi. Jiko la baridi saa 5 asubuhi limeshakueleza yote, humhoji tena mgonjwa. Unakunja khanga kiunoni, unawasha moto, na maongezi yanafuata huku uji ukichemka.

Msiba nao una utaratibu wake. Simu ikimfikia katibu usiku wa manane, alfajiri turubai limeshafungwa, mafiga yamepangwa, kuni zinapasuliwa. Mtunza vyombo anafungua stoo: masufuria makubwa, sahani, vikombe, viti vya plastiki, kila kimoja kimepakwa herufi za jumuiya kwa rangi nyekundu chini yake ili kirudi nyumbani. Mwanajumuiya halipi kuviazima. Wafiwa hawashiki mwiko. Wapo wa kupika wali na maharage, wapo wa kupakua, wapo vijana wa kumiminia watu maji ya kunawa, na mezani yupo mmoja mwenye daftari la rambirambi, anaandika kila shilingi na jina. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanza mwaka 1972, huja na vitenge vya sare. Siku ya tatu wageni wakitawanyika, ndipo kazi ambayo watu wachache huiona inapoanza: kuosha masufuria meusi kwa majivu, na kumpitia mjane kila jioni hadi azoee ukimya wa nyumba.

Kilimanjaro, kwenye sharika za KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kuna jambo jingine ninalolipenda kupita yote, nalo ni mnada baada ya ibada. Asiye na fedha analeta alichonacho: mkungu wa ndizi, chupa ya maziwa, kuku aliyefungwa miguu, hata mayai matatu kwenye bakuli. Nilimwona bibi mmoja amesimama pembeni, ameshika ncha ya khanga yake, mayai yake yakinadiwa. "Ya kwanza! Ya pili! Nani anaongeza?" Aliyeyapata aliyalipia bei ya kuku mzima, kisha akayarudisha yanadiwe tena. Mara ya tatu mnunuzi alisema yapelekwe kwa mzee aliyelazwa. Mayai matatu yalikuwa yameingiza fedha kuliko bahasha nyingi za siku ile, na bibi yule alitembea kwenda kwake ameinua kichwa.

Lipo linaloniumiza. Anayetaka kufunga ndoa au kubatiza mtoto huombwa barua ya viongozi wa jumuiya, na nia yake ni njema, mtu ajulikane anakoishi. Lakini wapo wanaoitafuta saini tu, na wapo viongozi wanaoishika saini kama fimbo. Nimeketi katika kikao ambako wanaume walipekua daftari la michango ya marehemu ilhali mwili haujatoka hospitali. "Hatumjui huyu," alisema mmoja. Mtunza vyombo, mama wa makamo asiyependa maneno, alichukua funguo za stoo akainuka. "Wafiwa lazima wale. Hayo mengine mtayamaliza mkirudi kutoka makaburini." Wanawake wote wakamfuata. Hakuna aliyeligusa tena daftari lile.

Marehemu alikuwa mlinzi wa usiku. Jumamosi alfajiri, sisi tukisali, yeye ndiyo kwanza alikuwa anatoka lindo. Kosa lilikuwa letu, maana hatukuwahi kupeleka zamu nyumbani kwake kwa saa anayoiweza. Sasa tunasali pia Alhamisi jioni kwa ajili ya walinzi, wauguzi na mama ntilie.

Wewe uliyehamia mtaa mpya na bado unasali ukakimbia, Jumapili hii baada ya misa msubiri katekista mlangoni. Muulize jumuiya ya upande wenu ni ipi na zamu ya wiki hii iko kwa nani. Nenda mikono mitupu, utakaribishwa.