Modeli za Bati za Vyombo vya Angani: Somo la Vipimo kwa Shule Zetu

Katika nchi nyingi wapo watu wenye uraibu wa kuunda modeli ndogo za metali zinazofanana na vyombo vya angani. Kifurushi kinachouzwa madukani huwa na vipande viwili au vitatu vya bati, vyembamba kama kadi, ambamo sehemu zote za chombo zimechorwa na kukatwa tayari. Mwundaji hubandua kila sehemu, huikunja kwa koleo ndogo, kisha hupenyeza ndimi zake katika nyufa za sehemu nyingine na kuzipinda. Hahitaji gundi wala lehemu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa katika shule yoyote ya sekondari, hata ile isiyo na vifaa vingi vya maabara. Tena yataonyesha kwamba mafunzo yake makubwa hupatikana pale ambapo modeli na chombo chenyewe havilingani.

Bati bapa hupataje umbo?

Viwandani, bati hupakwa utando unaobadilika unapopigwa na mwanga. Mchoro wa chombo huwekwa juu yake, mwanga huangazwa, kisha bati hutiwa katika kemikali inayoyeyusha metali pale tu isipokingwa na utando. Mahali pa kukatwa huliwa pande zote mbili mpaka panatoboka. Mahali pa kukunjwa huliwa upande mmoja tu, pakabaki pembamba. Ndiyo maana mkunjo hufuata mstari bila kupotoka.

Mwanafunzi hana haja ya kemikali hizo, nazo ni za hatari. Msumari na rula vyatosha kukwaruza mstari wa mkunjo juu ya bati la kopo. Ustadi wenyewe si mgeni kwetu. Fundi wa bati atengenezaye vibatari, ndoo na masanduku ya wanafunzi hufanya kazi hiyo hiyo: hupima bati likiwa bapa, hulikata, hulikunja, na kuziunganisha kingo zake. Karibu na Ziwa Eyasi, wahunzi wa Kidatoga huyeyusha metali chakavu na kufua bangili na vichwa vya mishale.

Hata hivyo, si kila umbo hukubali kutokana na bati bapa. Mcheduara na pia hukubali, kwa sababu kila moja laweza kukunjuliwa likalala sawa juu ya meza. Tufe halikubali: mwenye kutaka kichwa cha mviringo hulazimika kukikata vipande vyembamba kama maganda ya chungwa. Mwalimu wa hisabati ataona kwamba hapa pana somo zima la jiometria.

Chombo kilichoanzia safari pwani yetu

Tumchukue mwanafunzi aliyeko Bashay, katika nyanda za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Aunde chombo gani? Tunapendekeza setilaiti iitwayo Uhuru.

Setilaiti hiyo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, nchini Kenya. Ilikuwa mali ya shirika la anga la Marekani, NASA, nayo ilibebwa na roketi ya aina ya Scout. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, setilaiti ilipewa jina hilo la Kiswahili. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Eksirei hizo huzuiwa na hewa ya dunia, hivyo haziwezi kupimwa kutoka ardhini. Hadi ilipokoma kufanya kazi mwezi Machi 1973, ilikuwa imekusanya habari zilizowawezesha wataalamu kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipewa Nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Malindi ilifaa kwa sababu mbili. Kwanza, karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hukisukuma chombo kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban mita 464 kwa sekunde, hata kabla roketi haijawashwa. Pili, njia iliyo chini na iliyo karibu na Ikweta hukikinga chombo na sehemu zenye mionzi mingi inayovuruga vipimo.

Uhuru ilizunguka dunia mara moja kwa kila dakika 96 hivi, kwa urefu wa takriban kilomita 540, wala haikuvuka nyuzi 3 kaskazini au kusini ya Ikweta. Wilaya za Mbulu na Hanang ziko karibu na nyuzi 4 kusini. Kwa hiyo setilaiti hiyo ilipita juu ya upeo wa macho wa Bashay mara 14 hivi kila siku, na baadhi ya nyakati ilikaribia utosini.

Vipimo vya modeli

Mwili wa Uhuru ulikaribia umbo la mcheduara wenye kipenyo cha sentimita 56 na urefu wa sentimita 116. Tukichagua skeli ya moja kwa kumi, modeli itakuwa na kipenyo cha sentimita 5.6 na urefu wa sentimita 11.6. Kopo kubwa la maziwa ya unga hutoa bati la kutosha.

Mzingo wa modeli ni 22/7 × 5.6, yaani sentimita 17.6. Basi kata mstatili wa sentimita 17.6 kwa 11.6, ukiongeza nusu sentimita ubavuni kwa ajili ya kupishanisha. Katika kingo za juu na chini acha ndimi sita, kila moja ikiwa umbali wa sentimita 2.93 kutoka mwenzake. Kata visahani viwili vyenye nusukipenyo cha sentimita 3.1. Katika kila kimoja toboa nyufa sita kwa patasi nyembamba, zikiachana kwa nyuzi 60, umbali wa sentimita 2.8 kutoka kitovu. Viringisha mstatili juu ya kipande cha mti wa mviringo, penyeza ndimi katika nyufa, kisha zipinde.

Ni vema kujaribu kwanza kwa karatasi ngumu. Bati lililokatwa ni kali kama wembe: kila ukingo usuguliwe kwa tupa, na mikono ivishwe kitambaa kinene.

Uhuru ilikuwa pia na mabawa manne ya kupokea nishati ya jua. Vipimo vyake mwanafunzi avipate kutoka katika picha, kwa kulinganisha urefu wa bawa na urefu wa mwili. Mabawa yakisha kufungwa, modeli itundikwe kwa uzi na kuzungushwa. Ikiyumba, mabawa hayalingani. Setilaiti yenyewe ilijizungusha polepole, mara moja kwa dakika 12 hivi, ili vipima-eksirei vyake vifagie anga.

Gramu mia zinazokosekana

Uhuru ilikuwa na tungamo la kilo 141.5. Kabla ya kuendelea, mwalimu na aliulize darasa: modeli yenye skeli ya moja kwa kumi yapasa kuwa na tungamo gani? Huenda wengi wakajibu, kilo 14. Tuangalie jibu hilo.

Ujazo wa modeli ni 22/7 × 2.8 × 2.8 × 11.6, yaani sentimita za ujazo 286 hivi. Kilo 14 zikitiwa humo, kila sentimita ya ujazo itabeba gramu 49. Dhahabu yenyewe ina gramu 19.3 tu. Jibu hilo, basi, haliwezekani. Urefu ukigawanywa kwa 10, eneo hugawanywa kwa 100, na ujazo kwa 1,000. Tungamo hufuata ujazo. Kwa hiyo jibu sahihi ni gramu 141.5.

Sasa modeli iwekwe juu ya mizani. Ikiwa bati lina unene wa milimita 0.2, mwili wake hautazidi sana gramu 40. Gramu 100 hivi zinakosekana. Ziko wapi? Ni betri, redio, nyaya na vipima-eksirei: vitu ambavyo modeli haina, navyo ndivyo vilivyofanya kazi yote ya setilaiti. Mwanafunzi akifungua kisahani kimoja na kutia mchanga mpaka mizani ionyeshe gramu 141.5, ataona kwamba mchanga haujazi hata nusu ya kopo. Atajifunza pia kwamba Uhuru, kwa wastani, ilikuwa na nusu ya densiti ya maji.

Modeli zenye ukubwa kamili

Wanafunzi wa leo wana nafasi nyingine. Setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018, ilikuwa na umbo la mchemraba wenye upande wa sentimita 10. PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyorushwa mwaka 2022, ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Chombo cha namna hii chaweza kuundwa kwa bati katika ukubwa wake halisi, bila skeli yoyote, kisha kikashikwa kiganjani.

Maswali kwa wanafunzi

1. Unda mchemraba wa bati wenye upande wa sentimita 10. Ukitiwa vitu vya kilo moja, densiti yake itakuwa nini? Ilinganishe na ya Uhuru.

2. Modeli ya Uhuru yenye skeli ya moja kwa ishirini yapasa kuwa na tungamo gani?

3. Bati la milimita 0.2 katika skeli ya moja kwa kumi linawakilisha unene gani katika chombo halisi? Je, unadhani mhandisi angekubali unene huo? Toa sababu.